Star Trek ya 1966, ya 2009 au ya 2022: uanze na ipi?

Katika filamu ya mwaka 2009 ya Star Trek, hadithi ya kubuni ya wasafiri wa angani, kuna dakika moja ambayo msemaji wa Kiswahili haiwezi kumpita hivi hivi. Spock yuko tayari kurushwa kwenda kwenye chombo cha adui, na ofisa mawasiliano amekuja kumuaga. Pembeni amesimama Kirk, kijana ambaye tangu walipokutana baa miaka mitatu nyuma amemng'ang'ania yule dada amtajie jina lake la kwanza, na dada amekataa katakata. Spock anamshukuru, na katika kumshukuru anamwita jina: Nyota. Kirk anashtuka. Sisi tuliokuwa sebuleni tulishtuka zaidi yake, maana jina kamili ni Nyota Uhura, na hakuna kati yetu aliyehitaji kutafsiriwa.

Mpwa wangu, aliyekuwa hajawahi kuangalia Star Trek hata kidogo, akaniuliza, "Mjomba, kwa hiyo hii ndiyo ya kuanzia?" Nilichelewa kumjibu. Filamu hiyo imewagawa mashabiki tangu ilipotoka. Wapo wanaosema iliifufua Star Trek iliyokuwa imelala kitandani hoi, na wapo wanaosema ilichukua jina na sare tu, roho ikaachwa nje. Pande zote mbili zina hoja, na mgeni anayezisikiliza kabla hajaangalia chochote hujikuta amekwama.

Milango ninayoilinganisha hapa ni mitatu. Wa kwanza ni tamthilia ya awali ya Gene Roddenberry, iliyoanza kuonyeshwa na NBC ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na kusimamishwa 1969 ikiwa na misimu 3 na sehemu 79. Humo William Shatner ni Nahodha Kirk, Leonard Nimoy ni Spock mwenye masikio yaliyochongoka, DeForest Kelley ni Dk. McCoy na Nichelle Nichols ni Uhura. Wa pili ni filamu 3 zilizoisuka hadithi upya, za 2009, 2013 na 2016, mbili za mwanzo zikiongozwa na J.J. Abrams na ya mwisho na Justin Lin. Kirk humo ni Chris Pine, Spock ni Zachary Quinto, Uhura ni Zoe Saldana. Wa tatu ni Strange New Worlds, tamthilia iliyoanza Mei 2022, inayorudi nyuma miaka michache kabla Kirk hajakabidhiwa chombo. Nahodha bado ni Christopher Pike, anayechezwa na Anson Mount. Spock ni Ethan Peck, na Uhura ni Celia Rose Gooding.

Star Trek nyingine zipo tele, na baadhi ni nzuri mno. Nimeziacha kwa sababu hizi tatu zinasimulia chombo kilekile, Enterprise, na watu walewale, kwa hiyo zinapimika kwa kipimo kimoja.

## Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ndicho kizito kuliko vyote: kitu kisichojulikana kinapotokea mbele ya Enterprise, watu wake wanafanya nini? Cha pili, Uhura amepewa kazi gani? Hicho nakipa uzito kwa sababu ni neno letu lililobebwa hadi huko juu, na pia kwa sababu namna anavyotendewa inakuonyesha toleo limetoka zama zipi. Cha tatu ni urafiki wa watu wa chomboni. Cha nne ni sura na sauti. Cha tano ni muda na bando lako, na kama unahitaji kujua yaliyotangulia. Kisha nitaeleza mashabiki wananung'unikia nini kwa kila toleo, maana manung'uniko hayo ndiyo yanayowatisha wageni.

## Adui anapotokea

Ya 1966. Tafuta sehemu ya msimu wa kwanza iitwayo The Devil in the Dark, ya mwaka 1967. Kwenye sayari ya machimbo, wachimbaji zaidi ya 50 wameuawa na kiumbe kinachopita ndani ya mwamba kama samaki apitavyo majini. Mkuu wa mgodi anataka jambo moja tu, kiuawe. Kirk anaingia pangoni, silaha mkononi, na anapokutana nacho uso kwa uso anaona kimejeruhiwa na hakimrukii. Spock anaweka mikono juu yake, anaiunganisha akili yake na ya kiumbe, na kilio kinachomtoka ni cha mama. Yale mawe ya mviringo ambayo wachimbaji walikuwa wakiyavunja kwa maelfu ni mayai yake. McCoy anaitwa kutibu mgonjwa aliyeumbwa kwa mwamba, analalamika kwamba yeye ni daktari, si mwashi, kisha anaziba jeraha kwa zege. Hadithi inaishia kwa wachimbaji na watoto wa yule mama kugawana kazi: wao wanatoboa mwamba, binadamu wanaokota madini.

Kwa macho ya leo, kiumbe chenyewe ni mtu anayetambaa chini ya zulia zito. Ukishafika pale Spock anapolia, hulioni zulia tena. Mashabiki wa zamani wanaposema "roho ya Star Trek" wanamaanisha dakika kama ile: umeogopa, umesogea, umeuliza, umegundua kwamba wewe ndiye uliyeanza. Sehemu zote hazifikii kiwango hicho. Msimu wa 3, bajeti ilipokatwa na tamthilia kusogezwa hadi Ijumaa saa 4 usiku, una sehemu ambazo hata mimi naziruka.

Ya 2009. Adui hapa naye ni mchimba madini. Nero amepoteza sayari yake, Romulus, na mke wake mjamzito, na anamlaumu Spock. Anashusha mtambo wake wa kuchimbia hadi kwenye kiini cha sayari ya Vulcan, kwao Spock, na kuiangamiza. Katika watu bilioni 6 wanaosalia ni kama 10,000. Mwishoni, chombo cha Nero kikiwa kinamezwa, Kirk anajitolea kumsaidia. Nero anakataa, na Kirk anaamuru silaha zote zifyatuliwe.

Mkono umenyooshwa kwenye pango na umenyooshwa hapa pia. Tofauti ni muda. Pangoni tulikaa na adui hadi tukamjua. Hapa tumepewa sekunde chache, kisha moto. Anayekuja kutafuta mbio, vita na moyo kwenda kasi hatasikitika, maana filamu inajua kukimbia kuliko karibu zote zilizoitangulia. Hii ni picha ambayo ingejaza kibanda umiza chochote, watu wakiwa wamesimama hadi mlangoni.

Ya 2022. Sehemu ya kwanza inampeleka Pike kwenye sayari ambayo pande mbili ziko karibu kuangamizana, na mojawapo imetengeneza bomu la kutisha kwa kuchungulia teknolojia ya vyombo vya angani vya watu wengine. Pike anavunja amri ya kutojiingiza katika mambo ya sayari changa, anajitokeza hadharani na kuwaonyesha picha za vita vilivyoiteketeza Dunia. Anaongea nao kama mtu aliyezika ndugu zake anavyoongea na vijana wanaonoa mapanga. Hiyo ni Star Trek ya zamani kabisa, kwa kamera mpya.

Lakini tamthilia hiyohiyo inawatumia Gorn, majoka yanayotembea kwa miguu miwili, kama mazimwi ya kuwindana nayo gizani. Mwaka 1967, katika Arena, Kirk alipambana na Gorn peke yake jangwani, akamshinda kwa mzinga wa mwanzi na baruti aliyoichanganya mwenyewe, kisha akakataa kumuua. Mashabiki wanaokumbuka hilo waliumia kuona Gorn wamegeuzwa wadudu wa kuua tu, na naona walikuwa na haki. Mwaka 2025, msimu wa 3 ulijaribu kulirekebisha kwa sehemu ambayo rubani Ortegas anakwama na Gorn aliyejeruhiwa na wawili hao wanalazimika kusaidiana.

## Uhura

Ya 1966. Nichelle Nichols alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu kuhusu Afrika kilichoitwa Uhuru. Roddenberry alilipenda neno, akalilainisha mwishoni, likawa Uhura. Mwanamke mweusi, ofisa, amekaa kwenye chumba cha kuongozea chombo, si jikoni, kwenye televisheni ya Marekani ya 1966.

Kazi aliyoandikiwa, hata hivyo, ilikuwa ndogo. Sehemu nyingi anafungua masafa na kutoa taarifa, basi. Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuondoka arudi jukwaani. Kwenye hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za weusi wa Marekani, akakutana na Martin Luther King, naye akamwambia hawezi kuondoka, maana hiyo ndiyo tamthilia ambayo yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao kukesha wakiiangalia. Nichols akabaki. Miaka ya 1970 mwishoni NASA ilimwajiri kutafuta wanawake na watu wa rangi wa kuomba kazi ya uanaanga, na kundi la 1978, lenye watu 35, lilikuwa na wanawake 6 na wanaume weusi 3. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwaka 1992, amesimulia jinsi Uhura alivyomvuta tangu utotoni.

Kiswahili chenyewe kipo. Katika The Man Trap, sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa, kiumbe kilichojigeuza mwanamume kinamsemesha Uhura kwa Kiswahili kilichopindapinda, lakini sikio linakitambua. Katika The Changeling anapoteza kumbukumbu zote na kufundishwa upya kusoma, na akikasirika anatoka na Kiswahili.

Ya 2009. Uhura wa Saldana ni mtaalamu wa lugha kweli. Ananasa ujumbe wa Klingon, watu wa sayari hasimu, usiku wa manane, anajua lahaja zote tatu za Romulan, na anapopangiwa chombo kingine anamfuata mkubwa wake na kudai nafasi aliyoifanyia kazi. Katika filamu ya 2013 anawaendea Klingon wenye silaha peke yake na kuzungumza nao kwa lugha yao. Mapenzi yake na Spock yaliwagawa watu. Kuna walioona yanampa moyo Spock, na kuna walioona mwanamke hodari amegeuzwa mchumba wa fulani. Mimi nasimama karibu na hao wa pili, hasa kwenye filamu ya 2013, ambapo ugomvi wa wapenzi unafanyika njiani kuelekea vitani. Hata hivyo jina Nyota lilitamkwa kwenye skrini kwa mara ya kwanza humo, na hilo sitalisahau.

Ya 2022. Hapa ndipo alipopewa maisha kamili. Ni mwanafunzi wa uofisa kutoka Kenya, anajua lugha 37, amefiwa na wazazi na kaka yake kwa ajali, na hana uhakika kama kazi hii ni yake. Katika sehemu ya pili, timu inakwama juu ya nyotamkia inayokaribia kuigonga sayari yenye watu. Hakuna mtambo unaofua dafu. Uhura anaanza kuimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayefikiri, na mwamba unamjibu kwa mwanga. Kwa kipimo hiki naona tofauti si ndogo: ukitaka Uhura awe mtu, mlango wa tatu ndio unaompa nafasi zaidi.

## Watu wa chomboni

Ya 1966. Kirk amesimama katikati. Upande mmoja Spock anamwambia hesabu inasema nini, upande wa pili McCoy anamwambia utu unasema nini. Ukiona The City on the Edge of Forever utaelewa kwa nini watu wamelishika hili miaka yote. Wamerudi New York ya 1930, Kirk amempenda mwanamke anayehudumia maskini, na Spock amegundua kwamba mwanamke huyo asipokufa, historia nzima itapinda na vita vitashindwa. Gari linakuja. McCoy anakimbia kumwokoa. Kirk anamkumbatia McCoy kwa nguvu na kumzuia. McCoy anamuuliza kama anajua alichokifanya, na anayejibu ni Spock, kwa upole: anajua. Hakuna mlipuko hata mmoja.

Ya 2009. Kirk na Spock wanaanza kama paka na panya na wanajengewa urafiki ndani ya saa mbili. Waigizaji ni wazuri, na McCoy wa Karl Urban ni kama DeForest Kelley amezaliwa tena. Tatizo lilitokea 2013. Katika filamu ya 1982, The Wrath of Khan, Spock anakufa kwa mionzi nyuma ya kioo, kiganja chake kikikutana na cha Kirk upande wa pili, na ukumbi mzima unalia kwa sababu urafiki ule una miaka 16. Into Darkness, filamu hiyo ya 2013, iliirudia picha hiyo kwa kuwabadilisha nafasi: Kirk anakufa, Spock analia, kisha muda si mrefu Kirk anafufuliwa kwa damu ya Khan, adui wa filamu zote mbili. Kwa mgeni ni mandhari ya kugusa. Kwa aliyeiona ya kwanza ni kama mtu amekopa msiba wa jirani. Beyond ya 2016 ilirudi kwenye mstari, ikiwaacha Spock na McCoy peke yao milimani wakitaniana na kubebana. Humo pia, Spock kijana anafungua kasha la Spock mzee na kukuta picha ya wale wa Enterprise ya zamani, nywele zimeshakuwa mvi. Nimoy alikuwa amefariki Februari 2015.

Ya 2022. Pike anapika. Anawaita watu chumbani kwake, anakoroga sufuria, wanakula na kubishana. Wakati huohuo anajua, kwa njia ambayo sitaitaja, kwamba miaka kadhaa mbele ajali itamharibu mwili, na anaamka kila siku kwenda kazini. Daktari wake ni M'Benga, mtu aliyeonekana sehemu mbili tu za tamthilia ya zamani na hapa amepewa binti, vita na dhambi. Ni chombo chenye joto la nyumbani kuliko vyote vitatu.

## Sura na sauti

Ya 1966 ina mbingu za zambarau, miamba ya kutengeneza na milango inayofunguka kwa mlio ambao watoto wa dunia nzima waliuiga. Kuanzia 2006 ilitolewa ikiwa imesafishwa, picha za vyombo angani zikatengenezwa upya kwa kompyuta. Ya 2022 ni safi, ya rangi, na haikuchoshi macho.

Ya 2009 ndiyo iliyozua maneno. Miale ya taa inakatiza skrini kiasi kwamba Abrams mwenyewe aliomba radhi baadaye, na chumba cha injini kilipigwa picha katika kiwanda cha bia cha Budweiser huko Van Nuys, California, mabomba yakionekana waziwazi. Lakini tazama dakika za mwanzo. Chombo kiitwacho Kelvin kinashambuliwa, king'ora, makelele, mwanamke mmoja anavutwa nje kupitia tundu lililotobolewa, na papo hapo sauti zote zinakatika. Anaelea kimya. Angani hakuna hewa ya kubeba sauti, na filamu imelikumbuka hilo katikati ya zogo. Katika chombo kidogo cha kutorokea, mke wa George Kirk, mama yake Kirk wetu, anajifungua huku mumewe, aliyekuwa nahodha kwa dakika 12 tu, akikiongoza chombo kumgonga adui ili watu 800 watoroke. Filamu hiyo ilichukua Oscar ya vipodozi vya uigizaji, Oscar ya kwanza ya Star Trek. Ningeipa nyingine kwa mwanzo ule.

## Muda wako

Tamthilia ya 1966 ni kama saa 66 ukiangalia yote, ila kila sehemu inajitegemea, unaweza kuokota 6 au 7 ukaridhika. Filamu 3 ni saa 6 na dakika 20 hivi. Strange New Worlds ina sehemu 10 kwa msimu katika misimu yake 3 ya mwanzo, nyingi zikiwa chini kidogo ya saa nzima.

Kuhusu kujua yaliyotangulia, filamu ya 2009 imejipanga vizuri. Nero anarudi nyuma hadi mwaka 2233, siku Kirk anayozaliwa, na kuanzia hapo historia inachepuka njia yake. Ya zamani haijafutwa. Inaendelea upande wake, na Spock mzee, Nimoy mwenyewe, ndiye anayevuka kutoka huko kuja huku. Unaweza kuingia bila kujua kitu. Ya 1966 nayo haidai maandalizi. Ya 2022 inaangalika bila maandalizi, ila machungu ya Pike yanakuingia zaidi ukiwa umeona The Menagerie ya 1966.

## Mashabiki wanasema nini

Ya 1966 inalaumiwa kwa sketi fupi za wanawake maofisa, kwa wanawake kutopewa unahodha, na kwa mwendo wa polepole. Lawama hizo ni za haki. Cha kukumbuka ni kwamba jaribio la kwanza la Roddenberry lilikuwa na mwanamke kama msaidizi mkuu wa nahodha, na NBC ililikataa. Nahodha wa jaribio hilo alikuwa Pike. Strange New Worlds imekuja kuwapa uhai watu waliokataliwa zaidi ya nusu karne nyuma.

Filamu za Abrams zina hadithi ya ajabu kidogo. Into Darkness iliingiza kama dola milioni 467 duniani, zaidi ya filamu yoyote ya Star Trek. Agosti mwaka huohuo wa 2013 mashabiki waliokutana Las Vegas walizipanga filamu zote kwa ubora, na hiyo ikashika mkia. Waliudhishwa na siri iliyofanywa kuhusu nani ni Khan, na kwamba mtu mwenye asili ya India katika hadithi alipewa Benedict Cumberbatch, mzungu wa Uingereza, amwigize. Abrams pia hakuficha kwamba utotoni hakuwa mpenzi wa Star Trek. Wengine tunasema jicho la mgeni ndilo lililoifungulia mlango. Vijana wengi waliokuja kuipenda tamthilia ya babu zao walipitia humo, na si haki kuwaambia waliingia kwa dirishani.

Strange New Worlds inalaumiwa kwa kuchezea historia iliyokwisha kusimuliwa, kwa mapenzi ya Spock yasiyoisha, na kwa vichekesho vingi. Sehemu ya 2023 ambayo chombo kizima kinaimba iliwafanya wengine wafurahi hadi machozi na wengine wazime.

Usitishike na haya. Zilipovuja habari kwamba Spock angekufa, mashabiki waliandika barua za hasira, na filamu hiyo ya 1982 leo ndiyo wanayoitetea kuliko zote. Mwaka 1987 walimnunia nahodha mpya mwenye upara, Patrick Stewart, na leo ukimgusa utajuta. Barua zao hizohizo, miaka ya 1960, ndizo zilizosaidia kuipatia tamthilia msimu wa 3.

## Uchague kwa hali yako

Kama una jioni moja tu na unaangalia na watu ambao hawajawahi kuijali Star Trek, weka filamu ya 2009. Hutahitaji kumweleza mtu kitu. Ukiipenda, ruka hadi Beyond, na Into Darkness uiache hadi uwe umeona The Wrath of Khan, ili uamue mwenyewe kama malalamiko yana msingi.

Kama unapenda hadithi zinazokuacha ukibishana na mwenzako hadi chai inapoa, nenda 1966 bila kupitia kwingine. Anza na The Devil in the Dark, kisha Arena, kisha The City on the Edge of Forever. Usianze na msimu wa 3.

Kama kinachokukatisha tamaa ni picha za zamani, lakini unataka fikra zilezile, au unataka kumwona Uhura akikua mbele ya macho yako, ni Strange New Worlds, sehemu ya kwanza na ya pili kwa mkupuo. Ukifika kwa Gorn na una watoto wadogo sebuleni, waondoe. Ni ya kutisha kweli.

Kama wewe ni shabiki wa zamani uliyeapa kutozigusa filamu mpya, jaribu zile dakika za mwanzo za Kelvin peke yake. Ukiona hazina kitu, zima.

Na kama una mtoto anayejifunza kusoma, kuna The Changeling. Mpwa wangu alichagua mlango wa kwanza, tukaifikia sehemu hiyo wiki iliyopita. Uhura amefutwa kumbukumbu, amekaa na kitabu cha watoto, nesi anamfundisha kusoma Kiingereza. Anafika kwenye neno la rangi ya bluu na kulisoma kama lilivyoandikwa, hadi herufi ya mwisho, kama sisi sote tulivyolisoma darasa la kwanza. Nesi anamsahihisha. Kabla ya hapo alishamkanya asiongee Kiswahili. Mpwa wangu alisimamisha picha, akarudisha nyuma, akaisikiliza tena, kisha akaenda kumwita mama yake aje aone.